Theluji Isiyo Nyeupe

Mwaka wangu wa pili katika mji wa Buffalo, Marekani, shirika la huduma za nyumbani lilinipangia kumhudumia mzee mmoja Mrusi kwenye kitongoji cha Tonawanda: kumwogesha, kumpa dawa, kumpikia uji. Hakuna aliyeniambia kwamba ni mchoraji. Siku ya kwanza nilipoingia sebuleni nilisimama, nikasahau hata kuvua viatu. Picha zilijaa kuta zote, nyingine zimeegemezwa chini mpaka jikoni, na karibu zote zilikuwa za theluji. Theluji kwenye mapaa, theluji kwenye nyua, na kila mara, mahali fulani, dirisha moja lenye taa, na ndani yake mwanamke aliyetugeuzia mgongo. Rangi ilikuwa nzito, imepakwa kwa kisu kama siagi kwenye mkate.

"Mzee, mbona mama huyu hageuki?"

"Ni mama yangu. Anaosha vyombo. Nikirudi kutoka shule nilikuwa nikimkuta hivyo, kabla hajasikia mlango."

"Na theluji yako mbona si nyeupe?"

Akacheka. "Nenda dirishani, binti. Ukiona nyeupe, niite."

Nilikwenda. Theluji ile nilikuwa nimeilaani vituoni nikisubiri basi, lakini sikuwahi kuitazama. Chini ya mti ilikuwa ya buluu. Kando ya ukuta wa matofali ilikuwa na rangi ya waridi kidogo. Nyeupe niliitafuta, nikaikosa.

Mikono yake ilitetemeka sana, hata kijiko kilimshinda. Asubuhi moja akaniomba nimfunge kisu cha rangi mkononi kwa bandeji. Nikamfunga. Mkono ulihangaika hewani, lakini kisu kilipogusa picha, ukatulia tuli. Akavuta mstari mmoja wa njano, na dirisha likawaka.

"Mama yako wewe," akaniuliza bila kugeuka, "mgongo wake unaukumbuka?"

Nilikuwa sijaufikiria kwa miaka. Nikamwona katika kambi ya wakimbizi kule Tanzania, ameinamia mafiga, kitenge kimepauka mabegani. "Naukumbuka," nikamjibu, na machozi yakanitoka.

Theluji ilipoyeyuka, binti yake alikuja kumchukua ili akaishi naye mji wa Columbus. Asubuhi nzima tulifunga picha kwa mablanketi, mzee kitini akituelekeza ipi itangulie. Akanishika mikono yote miwili, akaniaga. Jumatatu iliyofuata nikapangiwa bibi mmoja, mtaa wa pili.