Karatasi Zisilowe: Miaka Yangu ya Umatroni, Mikumi na Kilosa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mikumi, nilikabidhiwa tochi, filimbi na bweni la wasichana wadogo. Mimi ni mzaliwa wa Rudewa, kwenye makambi ya mkonge yaliyobaki baada ya mkonge wenyewe kufa, na shule niliiachia darasa la tano, baba aliposema jembe halina michango. Kazi ya umatroni niliipata kwa sababu aliyekuwepo kabla yangu alikimbia. Tembo walikuwa wakitoka hifadhini kuja kula mapapai ya shule, na mmoja aliingiza mkonga kwenye dirisha la bafu wakati yule mama anaoga. Hilo sikuambiwa mpaka nilipokwisha kusaini.

Mkubwa wangu alikuwa Matroni Mkuu, Bibi Salome, mama mfupi kutoka Vidunda, mwenye sauti ya chini ambayo watoto waliiogopa kuliko fimbo. Aliniuliza kama naogopa. Nikajibu hapana, halafu ndipo nikakumbuka kumwamkia.

"Marahaba," akasema. "Muongo wewe. Na mimi asiyeogopa simtaki hapa, maana atalala usingizi."

Basi niliogopa kwa mshahara. Wengi hudhani umatroni ni kuhesabu mashuka na kupekua masanduku. Bibi Salome alinifundisha kwamba kazi yenyewe ni kuondoa hofu, kwa sababu mtoto mwenye hofu macho yake yako kwenye kitabu, masikio yako mlangoni. Alinipitisha kitanda kwa kitanda. Huyu anakojoa kitandani, usimseme mbele ya wenzake, mwamshe taratibu umpeleke chooni wewe mwenyewe na tochi yako, na usimwache peke yake nje hata kama fisi wamelia mbali. Yule hali, kwa hiyo hasomi. Yule wa pembeni anasoma usiku chini ya blanketi, mnyang'anye taa, maana asubuhi darasani anasinzia na anajiona mjinga, kumbe ni usingizi tu.

Nyie vijana mnaosoma haya, nataka mjue prepo ilivyokuwa. Prepo ni yale masomo ya jioni ambayo wanafunzi hujisomea wenyewe, mwalimu hafundishi. Kwetu Mikumi mlango wa prepo ulikuwa wazi, mimi nimekaa kwenye kiti kizingitini, nafuma. Wanaosoma kwa sauti walikaa upande mmoja, wanaotaka kimya upande mwingine. Wakishasoma kidogo, walifunga daftari na kila mmoja alimweleza mwenzake alichokisoma, bila kuchungulia. Akikwama, anarudi kusoma pale pale alipokwama, haanzi upya. Halafu wanasimama, wanakunywa maji, wanaendelea. Mtoto akikaa muda mrefu sana anageuza kurasa tu kama anayepepeta mchele. Nilijifunza pia kwamba somo gumu huanza kwanza, kichwa kikiwa bado kina nguvu, na lile analolipenda huwekwa mwisho kama nyama.

Mwezi wa kwanza wazazi walileta wageni wa kidato cha kwanza, na tranka jipya, ndoo, fagio, na mtoto ambaye hajawahi kufua soksi. Bibi Salome alimwambia mama mtu akae, kisha akampa mtoto beseni na sabuni afue pale pale. Mama wengine walilia wakiona mtoto wao anavyolishika shati. Tuliwaambia wote, mwaka unaofuata mkileta mdogo wake, mzoesheni kulala na kuamka kwa saa za shule kabla hajaja, mpeni sehemu yake moja ya kusomea hata kama ni mkeka, na mfundisheni kumwambia mtu mzima kwamba hajaelewa. Hilo la mwisho wazazi hawalipendi. Wanaona ni utovu wa adabu.

Bibi Salome alistaafu, na bweni la Mikumi likafungwa kwa sababu ambazo sisi wa chini hatukuelezwa. Mimi nikaenda Kilosa.

Ile shule ya Kilosa sitaitaja jina, maana ina watoto bado. Watu nitawataja, kwa sababu nimechoka kusikia wanaitwa waheshimiwa. Mkuu wa shule alikuwa Mwalimu Lwiza. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Chimbwe, na ndiye aliyesimamia darasa la saba lijengwe bondeni, nyuma ya tuta la mto Mkondoa, mahali ambapo tuta lenyewe lilikuwa limeliwa na maji ya zamani na halikuzibwa. Mwalimu wa taaluma, yaani yule anayepanga masomo, mitihani na mambo yote ya kufaulu, alikuwa Deogratias Kapungu. Huyu ndiye nilipewa niwe chini yake, kwenye kambi.

Kambi ni hivi: darasa la saba, miezi kadhaa kabla ya mtihani wa taifa, hawarudi nyumbani. Wanalala shuleni, wanakula shuleni, wanasoma mpaka macho yanawaka. Si jambo baya likiwa na mtu mwenye akili. Kapungu alikuwa na kufuli. Baada ya chakula cha mchana aliwaingiza darasani, akawagawia karatasi za mitihani iliyopita, akatoka, akafunga komeo kwa nje na ufunguo akatia mfukoni. Madirisha yana nondo. Kona moja kuna ndoo ya haja ndogo. Karatasi ni mali ya shule, na atakayeipoteza au kuilowesha anachapwa mbele ya wote. Kiranja wa taaluma, mtoto aliyewekwa kuzikusanya, akikosa moja anachapwa yeye pia.

Nilimwambia Kapungu kwamba hawa hawasomi, wanasubiri mlango. Akacheka.

"Matroni, mtoto ni kama mbuzi. Ukimfungulia tu, yuko kwenye mahindi ya watu."

Nilikwenda kwa Mwalimu Lwiza. Alinisikiliza akiangalia simu, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Matroni, wewe ulisoma mpaka la ngapi vile?" Nilikwenda kwa Mzee Chimbwe nyumbani kwake, nikampa shikamoo, nikaeleza, akasema watoto wake yeye walichapwa na leo wana magari. Kila nilipopita nje ya lile darasa mchana nilisikia kimya. Watoto zaidi ya thelathini, na kimya. Usiku nilikuwa nawasikia wakiongea ndotoni, wanataja majibu.

Kiranja wa taaluma alikuwa Zuhura, binti wa mama muuza maandazi wa stendi ya Kilosa. Mrefu, meno ya mbele yameachana, anapenda utani. Aliniita Matroni Kizingiti kwa sababu nilimsimulia habari za kiti changu cha Mikumi. Jioni alikuwa anakuja jikoni kunieleza alichosoma, daftari limefungwa, nami sielewi hata nusu. Nikimwuliza maswali ya kijinga, anacheka, anaeleza tena, na kwa kueleza tena anakielewa yeye. Alitaka kuwa nesi. Kitu kimoja tu kilimtoa jasho: kupungua kwa karatasi.

Ilikuwa Jumamosi, masika. Nataka mwelewe kwamba Kilosa siku hiyo jua lilikuwa linawaka. Nguo zilikuwa kambani zimekauka. Mtu wa kwetu akiona mbingu safi husema leo salama, lakini Mkondoa haunywi mvua ya Kilosa, unaleta mvua iliyonyesha huko juu Mpwapwa. Wazee wa mjini wanalijua hilo na bado kila mwaka tunatazama juu badala ya kutazama mto. Kapungu aliwafungia watoto, akapanda pikipiki yake akaenda Dumila, mwendo wa saa nzima, kwenye biashara yake ya vitunguu.

Nilikuwa jikoni na Mama Pili, mpishi, tunachagua maharage. Nilisikia ngurumo nikadhani ni treni ya mizigo. Treni hainuki udongo, lakini. Harufu ilikuja kwanza, tope bichi, halafu nikaona uwanja wa mpira unang'aa, mabua ya mahindi yanaelea golini. Sijui nilikimbiaje. Nilipofika mlango wa darasa la saba maji yalikuwa kwenye magoti na kufuli lile linaning'inia.

Nilimpigia Kapungu. Simu ilipokelewa, nasikia makelele ya wachuuzi wa stendi. Nikamwambia maji yameingia, ufunguo uko wapi. Akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo nikiwa naosha vyombo.

"Usivunje mlango wa shule, Matroni. Nakuja."

Kutoka Dumila. Anakuja.

Mama Pili alileta mchi wa kinu. Tulipiga lile komeo kwa zamu, yeye akipiga mimi nashika mlango usirudi, na maji yanatupanda kiunoni. Kupitia nondo za dirisha niliwaona watoto wamesimama juu ya madawati. Hakuna aliyelia. Wote wamenyoosha mikono juu, wameshika karatasi zisilowe.

Komeo lilipong'oka nikapiga kelele watoke. Hawakutoka. Nasema kweli, mlango uko wazi, maji yanaingia kama yamealikwa, na wale watoto wananiangalia. Mmoja wa mbele akaniambia, "Matroni, mwalimu hajasema tumalize."

Hapo ndipo niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, kuliko tembo, kuliko fisi. Niliingia nikaanza kuwavuta kwa mashati. Mama Pili aliwapokea, akawashikanisha mikono mpaka kwenye ngazi za ofisi, kule juu. Zuhura alinisaidia, aliwasukuma wenzake mmoja mmoja kama mama mtu mzima, na alikuwa ametoka tayari, yuko nje ya mlango pamoja nami, nimemshika mkono. Kisha akazitazama zile karatasi mkononi mwake.

"Hazijatimia," akasema. "Nyingine ziko mezani."

Nikamwambia achana nazo. Akasema atanichapa, Matroni, unamjua. Mkono ulikuwa umelowa, ukaniponyoka. Nilimfuata. Alikuwa ameshafika mezani ukuta wa nyuma ulipoanguka, ule wa matofali mabichi yaliyopakwa saruji kwa nje ili yaonekane ya kuchoma. Mimi ulinivunja mguu. Zuhura ulimfunika. Walimtoa jioni, maji yaliposhuka.

Nikiwa bado hospitalini waliketi kikao. Kapungu alieleza kwamba ufunguo wa akiba ulikuwa umetundikwa jikoni na kwamba matroni alijua. Jiko lile mimi na Mama Pili tulikuwa tunalifagia kila siku, hapakuwa na ufunguo wowote. Mama Pili alisema hivyo, akaambiwa anatetea rafiki. Mwalimu Lwiza aliandika kwamba matroni alichelewa kuchukua hatua kwa sababu ya elimu ndogo. Mzee Chimbwe kuhusu ukuta alisema ni mipango ya Mungu. Nilistaafishwa kwa maradhi. Lwiza alihamishiwa shule kubwa zaidi. Kapungu aliacha ualimu wa shule na sasa ana kituo cha tuisheni, na wazazi wanapanga foleni, kwa sababu watoto wake wanafaulu. Ni kweli wanafaulu. Hilo ndilo linaloniumiza.

Sasa naishi Kilosa hapa hapa, upande wa juu. Mvua ikinyesha silali, na isiponyesha pia silali. Vijana wa mtaani hunitania kwamba bibi unaogopa hata bomba likifunguliwa. Waache.

Mwezi uliopita mama yake Zuhura alikuja kwangu na mwanawe mdogo, Mwajuma, anayekwenda kuanza shule ya bweni. Nilidhani amekuja kunilaumu. Ameniletea maandazi. Akaniambia, dada, huyu nifundishie kusoma kama ulivyokuwa ukimfundisha mwenzake. Nikamwonyesha mtoto mahali pa kukaa.

Mwajuma ana akili. Amejua kufunga daftari na kunieleza, amejua kuanza na hesabu kwanza kwa sababu anazichukia, na soksi anafua. Hayo yote tuliyamaliza upesi. Kilichobaki ni zoezi moja, na hilo nimelibuni mimi, halimo kwenye umatroni wowote. Anakaa mezani anaandika, mlango uko wazi, mimi niko jikoni. Ghafla napaza sauti, "Toka." Anatakiwa aache kalamu, aache karatasi, aache vyote, asimame aende nje mpaka kwenye mchongoma.

Mara ya kwanza alifunga kwanza daftari. Nikamwambia hapana. Safari nyingine alichukua kalamu. Nikamwambia kalamu zinauzwa. Siku hizi haichukui kalamu, anainuka haraka, anafika mpaka mlangoni. Anasimama pale, anageuka, ananitazama usoni kuona kama nimeruhusu.

Namwambia, mwanangu, usinitazame mimi. Wala mwalimu. Anaitikia ndiyo, Matroni, kwa adabu zote alizofundishwa. Tunaanza tena. Shule inafunguliwa Jumatatu, na leo asubuhi tumerudia mpaka chai ikapoa, na kila akifika kizingitini anageuka kunitazama.