Jicho la Chiriku

Binti wa msusi alianza kuongea mapema na hakunyamaza tena, ndipo wateja wa saluni wakambandika jina Chiriku. Mama akisuka, yeye alihama kutoka paja la mteja mmoja hadi la mwingine akiuliza maswali.

Mteja mmoja ndiye aliyegundua. "Shoga, mbona jicho la mwanao linang'aa kama la paka?"

Msusi alimsogeza dirishani. Kweli, ndani ya mboni ya kushoto palikuwa na weupe, na jicho lilishaanza kuwa na makengeza.

Hospitalini daktari alimtia matone, akachungulia kwa muda mrefu. "Mama, ni saratani. Bado imo ndani ya jicho. Tukilitoa sasa, wengi hupona kabisa."

Nyumbani, mumewe, fundi seremala, aliruka kwa hasira. "Wamng'oe mwanangu jicho kama wanang'oa msumari? Haumwi popote, anacheza! Mnunulie dawa ya matone."

"Baba Chiriku, daktari kasema..."

"Nimeshasema!"

Msusi alibishana naye siku kadhaa, mwisho akachoka. Wakatumia matone.

Miezi ikapita. Jicho likavimba, likatokeza nje, na Chiriku akaacha kuuliza maswali. Safari hii seremala mwenyewe ndiye aliyembeba mbio mpaka hospitali, shati limemlowa jasho. Jicho lilitolewa. Zikafuata dawa za mshipani, na nywele zikapukutika zote.

"Mama, nisuke," Chiriku aliomba akiwa kitandani.

Msusi aliketi kando yake. "Mistari mikubwa au midogo?"

"Midogo. Na usinivute."

Akampitishia vidole kichwani taratibu, kwenye ngozi tupu, mstari baada ya mstari, hadi mtoto akasinzia.

Lakini ugonjwa ulikuwa umeshafuata mshipa wa jicho hadi kwenye ubongo. Chiriku alifariki asubuhi moja, mkono wake umo ndani ya kiganja cha baba yake.

Msusi alipojifungua tena, hawakungoja kuambiwa. Wakijua saratani hii huweza kumpata na ndugu, walimpeleka mtoto akapimwe angali mchanga. Alikutwa na kidoa kidogo ndani ya jicho, kikachomwa kwa mionzi ya leza. Kwenye kliniki ya marudio daktari alimpitishia kijiti chekundu mbele ya uso, na macho yote mawili yakakifuata.

"Hongereni," daktari alisema akitabasamu. "Huyu mmemleta mapema."

Msusi alishukuru. Seremala alitoka nje, akaegemea ukuta wa korido, akalia kwa sauti mbele za watu.