Kushupaa

Mwanangu, jana ulijisifu kuwa wewe ni mshupavu kwa sababu hakuna anayekuweza kwa maneno. Nilicheka, lakini asubuhi moja ya ukungu kule Kabatoro, kando ya ziwa la chumvi, ikanirudia.

Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea mwisho. Nilikuwa nimekimbia vita upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, na kumwacha mama yangu huko. Bibi Zaina, mjane Mwislamu, akanipa kazi kwenye vidimbwi vyake vya chumvi. Alikuwa na mwiko mmoja: ziwani hakuna kuitana majina. Ukimtaka mwenzako, gonga debe, naye atajibu kwa lake. Ziwa likilijua jina lako, alisema, litalitumia.

Asubuhi hiyo maji hayakuonekana, na ile harufu ya ziwa, kama ya mayai mabovu, ilikuwa nzito. Nikasikia sauti kutoka katikati ya ziwa.

"Masika, mutoto wangu! Niko hapa. Kuja unitoe, matope inanikamata!"

Alikuwa mama. Hata kikohozi chake kilikuwepo. Nikaingia majini mpaka magotini. Bibi Zaina akanidaka kiunoni kwa nyuma, akagonga debe lake. Hakuna debe lililojibu. Kisha sauti ikaniita tena, karibu zaidi.

"Bibi, ni mama! Atakufa!"

"Shupaa, binti."

Neno hilo sikulijua. Nililia mpaka koo likakauka, lakini sikuitika. Ukungu ulipoondoka, ziwa lilikuwa tupu. Bibi akanitilia mkononi bonge la chumvi.

"Hii ilikuwa maji," akasema. "Jua limeichoma, nayo imekauka, imekaza. Huko ndiko kushupaa."

Majuma mengi niliamini kwamba nimemuua mama yangu. Halafu siku moja akateremka kwenye lori pale Mpondwe, mpakani, mzima, anakohoa. Hata hatujakumbatiana, akaniuliza, "Masika, ni nani alikuwa ananiita na sauti yako kule mu njia?"

Basi, mwanangu, asiyesikia la mtu ni mkaidi tu, na hiyo ni kazi rahisi. Mshupavu husikia yote, moyo unamuuma, na bado habanduki pale anapojua ni sawa. Nami sikuweza peke yangu. Mungu akukaze bila kukufanya jiwe, na siku utakapoitwa na sauti unayoipenda, akupe mikono ya kukushika kiunoni.