Mama Hilda Anajibu Kila Anachoulizwa

Ngoja niwape habari za jirani yetu hapa Kikuyu, Mama Hilda. Jina lake Raheli, Msandawe wa Chemba, fundi cherehani. Nusu ya watoto wa mtaa huu wanavaa sare alizoshona yeye, hata sketi yangu, na yangu aliishona ndefu makusudi. Ukimsalimia anaitikia, anauliza ya kwenu, ya shule, mpaka ya paka wenu. Na ukimuuliza kitu, chochote kile, anajibu. Hawezi kuacha. Anasema kwao mtu akikuuliza halafu ukanyamaza, ni sawasawa na umemtemea mate.

Sasa mtu kama huyo, si Hilda akamnunulia simu janja!

Hilda ndo binti yake wa pekee. Alisomea mifugo Mpwapwa, akabaki hukohuko anachanja ng'ombe za watu. Baba yake alishafariki, kwa hiyo mama yuko peke yake na cherehani, na Hilda akaona simu itamchangamsha. Ilimchangamsha kweli.

Jamani, simu zinauliza maswali! Sisi tumezoea, tunabonyeza "baadaye" bila hata kusoma. Mama Hilda alikuwa anavaa miwani kwanza. "Je, unaifurahia programu hii?" Anaandika: naifurahia, namshukuru Mungu, ila inamaliza chaji. Siku moja nimemkuta kaacha cherehani, anatoka jasho.

"Vipi Mama Hilda?"

"Shakila mwanangu, imeniuliza kama mimi ni roboti. Nimeijibu hapana. Sasa inataka niioneshe taa za barabarani. Mtaa huu taa ziko wapi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Angenipiga na rula.

Basi, siku hiyo ramani ya kwenye simu ikamuuliza: "Je, unapafahamu mahali hapa? Wasaidie wengine!" Na kidoti kilikuwa juu ya nyumba yake. Nani apafahamu kama sio yeye? Panaitwaje? Kwa Raheli. Wageni wanakaribishwa? Ndiyo. Kuna chakula? Kipo. Choo? Kipo, cha ndani na cha nje. Pa kuegesha gari? Chini ya mwarobaini. Watoto wanaruhusiwa? Hapo alikereka kidogo, akasema swali gani hilo, lakini akajibu. Pa kulala? Chumba cha Hilda kipo. Mnafunga saa ngapi? Akaandika: hatufungi, nyumba ya mtu itafungwaje?

Jioni simu ikamwambia asante Raheli, umekuwa Mwongozaji wa Mtaa, ngazi ya kwanza. Alinionesha kile kibeji kama cheti cha ubatizo.

Baada ya siku mbili wakaja vijana wawili wa kuuza sola, wametoka Singida, wana mabegi.

"Hapa ndo Kwa Raheli?"

"Ndiyo, karibuni."

"Kuna chakula?"

"Kipo."

Kwani kuna uongo hapo? Wakala ugali wa uwele na mlenda wa karanga, wakalala chumba cha Hilda, asubuhi wakatoa hela. Weee! Mama Hilda aliwafokea: "Mnanilipa? Kwani mmenionaje mimi?" Wakaondoka wamechanganyikiwa. Wakampa nyota tano. Waliandika: "Chakula kizuri, mama ana upendo, tumefokewa kwa kutaka kulipa."

Mnaona inakoelekea. Nyota tano, halafu bure! Wiki iliyofuata ilikuja familia nzima na bibi yao, akaja dereva wa lori la vitunguu, wakaja wanafunzi wanne waliosema wanafanya utafiti, ila mi nawajua, walikuwa wanafanya njaa. Na wote Mama Hilda anawaita ndani, kwa sababu mtu kashafika mlangoni saa ya chakula, utamwambiaje arudi? Kila akiondoka mmoja, nyota tano. Kila nyota zikiongezeka, simu inamuuliza maswali zaidi, anajibu, na kibeji kinapanda. Mwezi haujaisha yuko ngazi ya tano.

Aliyeganda kabisa alikuwa Mwalimu Wilbert, mstaafu kutoka Bahi. Alikuja mjini kufuatilia faili lake kwenye ofisi fulani, na kila siku wanamwambia njoo kesho. Basi kila asubuhi anapiga pasi suti yake ya kijivu, anaenda, anaambiwa njoo kesho, anarudi anakula mlenda. Wiki tatu hizo.

Halafu Hilda akapiga simu. Kuna kijana, Elisha, mwenzake wa mifugo, wanapendana, na wazee wa Elisha wanaleta posa Jumamosi.

Mama Hilda alipiga vigelegele hadi kuku wakakimbia. Halafu akageuka akaangalia sebule yake. Watu saba asiowajua hata majina, wanaangalia tivii yake, mmoja kajifunika kanga yake.

"Shakila," akaninong'oneza, "wazee wakikuta hivi watasema hii ni guesti. Nani anaposa binti wa guesti?"

Mi nimemjua tangu nimezaliwa, hiyo ndo mara ya kwanza namuona anaogopa. Tukaanza kazi ya kuitoa nyumba kwenye ramani. Tulikuwa na siku tano.

Nikambonyezea "mahali hapa hapapo". Simu ikasema sawa, tuma picha inayoonesha kwamba hapapo. Sasa nyumba isiyokuwepo unaipigaje picha? Mama Hilda alifikiria sana, akaenda kupiga picha kiwanja kitupu cha jirani, pale wanapochoma taka. Akatuma. Simu ikajibu: "Asante! Picha yako imeongezwa." Ikaiweka kabisa kwenye ukurasa wake, imeandikwa "Bustani".

Jumanne tukaandikia huduma kwa wateja. Ikajibu mashine, sio mtu. Tukaieleza yote. Mashine ikasema pole kwa usumbufu, halafu ikauliza, "Je, tumekusaidia leo?" Mi nilikuwa nimeenda kunywa maji tu jamani! Narudi nakuta keshajibu: ndiyo, asanteni sana, Mungu awabariki na kazi zenu. Shauri likafungwa palepale. Limetatuliwa.

"Mama Hilda! Wamekusaidia nini sasa?"

"Wamenipa pole. Ulitaka niwaambie hapana, watoto wa watu?"

Jumatano hivyohivyo. Alhamisi wakaongezeka wawili.

Ijumaa asubuhi nikapata wazo, na nawaambia, lilikuwa wazo langu na najivunia nusu yake. Group letu la darasa lina watu arobaini na moja. Nikawaambia wote waingie kwenye ramani waandike kwamba Kwa Raheli pamefungwa. Ilipofika jioni maandishi mekundu yakatokea: IMEFUNGWA KABISA. Jumamosi saa mbili asubuhi wageni wote wakaagwa, kila mtu na kifurushi chake cha karanga. Mwalimu Wilbert aliondoka wa mwisho na suti yake kwenye hanga, macho yamejaa. Nyumba ikafagiliwa, vitambaa vyeupe kwenye makochi, Hilda keshafika, kavaa gauni aliloshonewa na mama yake. Kimya. Mama Hilda kakaa katikati ya hicho kimya anatabasamu.

Shida ilikuwa moja tu: kaka zake wa Chemba walipiga simu asubuhi hiyo kwamba asali imeiva kwenye mizinga, haisubiri, kwa hiyo hawaji. Posa bila mjomba! Mama Hilda akasema tutajua wazee wakifika.

Saa tano Hilda akatoka chumbani analia, simu mkononi.

"Mama, wamegeuza!"

"Nani?"

"Wazee! Elisha aliwatumia lokesheni. Dereva wa gari lao, ile Noah, kawasomea: Kwa Raheli, imefungwa kabisa. Babu Matonya kasema basi, wametujibu, turudi Mpwapwa."

Huyo Mzee Matonya ndo mshenga wao. Alikuwa mtendaji wa kijiji miaka ishirini, kwake kilichoandikwa kimeandikwa. Mama Hilda akachukua simu, akampigia dereva, akaomba kuongea na mzee.

"Shikamoo baba. Nyumba iko wazi, nimeketi ndani yake."

"Marahaba. Mama, nimefukuzwa kwenye nyumba nyingi katika kazi hii," tukamsikia mzee, pole pole, hana hata hasira. "Ila kwa maandishi, hii ni mara ya kwanza. Nimekubali."

"Baba, si mimi niliyeandika!"

"Jina ni lako. Likibadilika hilo andiko, nitageuka. Kwa mdomo, hapana."

Simu ikakatika. Mi nikamwambia Mama Hilda ukweli: ukiomba kufungua tena wanakaa siku tatu wanachunguza. Na ukifungua, wale watu wote watarudi, atawakuta hapa. Akatazama sebule yake safi. Akamtazama Hilda, kajaa makamasi kwenye gauni jipya. Akavaa miwani. Akabonyeza: wazi.

Simu ikafikiria kidogo tu. "Asante, Raheli! Wewe ni Mwongozaji wa ngazi ya tano. Badiliko lako limechapishwa."

Palepale! Yale majibu yote ya adabu, kumbe yalikuwa yanamjengea cheo. Hilda akampigia tena dereva, tukasikia mzee anasoma mwenyewe kwa sauti, neno moja moja, "Wazi. Saa. Ishirini. Na nne." Halafu: "Geuza gari."

Noah ikaegeshwa chini ya mwarobaini saa saba kasoro. Wanashuka wazee watano na fimbo zao, na mimi naona kwa nyuma yao, kwenye kona, Mwalimu Wilbert na suti yake. Hakuwa ameenda popote, alikuwa kwenye kijiwe cha kahawa anaangalia simu. Nyuma yake wale vijana wa sola wa siku ya kwanza, wamerudi. Nyuma ya vijana, yule bibi na familia yake.

Wakaingia wote. Mzee Matonya akawatazama mmoja mmoja.

"Hawa ni akina nani?"

Mimi moyoni, mama sema ndugu, sema ndugu. Lakini alikuwa ameulizwa.

"Siwajui vizuri, baba. Wanaletwa na simu. Wanauliza kama kuna chakula, nawaambia kipo."

"Wanalipa?"

"Walipe nini? Kwani nauza?"

Mzee akawatazama tena wale watu. Halafu akaanza kutikisika mabega, kumbe anacheka. "Basi hii ni nyumba," akasema, akaweka fimbo chini. "Wajomba wa binti wako wapi?"

Mama Hilda akafungua mdomo ajibu kweli yake, asali, mizinga, kila kitu. Kabla hajaanza, Mwalimu Wilbert akasimama. Suti ilikuwa imenyooka kama ubao.

"Tupo," akasema.

Jamani, yule mwalimu alisimamia mahari kama kwamba zile kesho zote alizoambiwa ofisini zimemtoka siku hiyo. Wakataja mbuzi wao wa kwanza, akawaangalia kwa juu ya miwani: "Njoeni kesho." Wakaongeza. "Faili halijakamilika." Vijana wa sola wanatikisa vichwa nyuma yake kama makarani. Bibi wa watu akasema huyu mtoto nimemlea mimi, wakati mwenyewe kala mlenda wa hapa wiki mbili tu! Wazee wakatoka nje kushauriana mara tatu. Mara ya nne wakakubali, Hilda akaitwa, akaulizwa kama anawafahamu hawa wazee, akasema anawafahamu, na vigelegele nadhani vilisikika hadi mtaa wa Kizota.

Jioni Noah haijafika mbali, simu ya Mama Hilda ikalia. Maoni mapya, Matonya, nyota nne: "Chakula kizuri. Mama mkweli. Binti tumempata. Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya mjomba."

Chini yake simu ikauliza: "Je, maoni haya ni sahihi?"

Mama Hilda akavaa miwani. Akaandika: yote ni sahihi, ila huyo si mjomba. Akatazama uani, Mwalimu Wilbert anaanika suti yake kwenye kamba. Akafuta. Akaandika: sahihi.