Tiketi za Bwana Stabu

Mume wangu watu walimwita Bwana Stabu, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuchana tiketi mlangoni kwenye ukumbi wa maigizo, tangu ujana mpaka mvi zikamjaa. Kiingereza chake chote kilienea kwenye tiketi moja. Kipande anachobaki nacho mteja ni "stub". Mstari wa vitobo unapochania ni "perforation". Kuna "row", safu ya viti, kuna "seat", kiti chenyewe, na juu kabisa "admit one", yaani aingie mtu mmoja tu, asituletee na shemeji. Akirudi nyumbani ananikuta nafua, anaanza kunisomesha.

"Sema perforation, mke wangu."

"Niache bwana, ulimi wenyewe ninao mmoja!"

Anacheka mpaka anakohoa.

Na alikuwa mgumu, jamani! Kuna siku nilimpelekea chakula, nikataka kuchungulia mchezo kidogo tu. Akaniziba njia. "Mama, tiketi." Mimi, mkewe wa ndoa! Nilimnunia, chakula nikawa namwekea mezani bila salamu.

Kisha kiharusi kikampiga. Upande mmoja ukalala, maneno yakamwisha mdomoni. Tumezeeka pamoja, halafu mtu ananitazama kama anatazama ukuta. Iliniuma sana. Sikutaka mengi. Nilitaka aniite tu, kwa jina lolote lile, nijue kwamba ananijua.

Nesi akanishauri, "Mama, anza na maneno aliyokuwa akiyasema kila siku." Basi nikatoa sandukuni tiketi zake zilizobaki za maonyesho ya zamani, nikamshikia moja, nikaweka kidole.

"Row," akasema. "Seat. Stub." Hata lile la kuvunja ulimi alilitamka sawasawa! Nikahamisha kidole, nikajigusa kifuani. Macho yake yakabaki kwenye tiketi.

Hapo likanijia wazo la kijinga. Nikatoka chumbani, nikabisha hodi, nikaingia na tiketi mkononi kama mteja. Akaipokea kwa mkono mzima, akaibana kwa meno, akaichana palepale penye vitobo. Akanirudishia kipande changu.

"Karibu, mama," akasema.

Najua, najua. Ndivyo alivyomwambia kila mwanamke aliyepita pale. Hata dada yangu alinitolea uvivu: "Hilo si lako, ni la mlangoni." Nikamwambia aende zake. Kidogo si haba. Kila asubuhi nikawa natoka na kuingia, nakaribishwa.

Tiketi zikaisha. Nikaenda ukumbini kuomba nyingine, wakaniambia siku hizi watu wanaonyesha simu. Nikarudi nikakata karatasi, nikaandika kila neno mahali pake, nikatoboa vitobo kwa sindano. Akaigeuza, akaipapasa ukingoni. Akatikisa kichwa, akaninyooshea kidole mlangoni. Huyo hahongeki hata akiwa kitandani! Nilicheka, kisha nikatoka nje nikalia, maana alikuwa amenifukuza kweli.

Siku nilipofua koti lake la kazi, nikakuta tiketi moja nzima ndani ya mfuko wa kifuani. Hiyo sikuitumia. Nilijiambia ni ya siku atakayozidiwa, tusije tukaagana bila yeye kunikaribisha.

Siku hiyo ikaja mchana, na nguo bado ziko kwenye kamba. Dada yangu alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Pumzi za mume wangu zilikuwa za kuvutavuta. Nikaichukua tiketi, nikatoka. Pale nje ya mlango nikafunga kilemba changu vizuri, nikajifuta uso, kwa sababu hakupenda watu waingie ovyoovyo. Nikabisha hodi. Kule ndani dada yangu alikuwa ameanza kulia.

Nikaingia nimenyoosha mkono. Nikapita mpaka kitandani, na hakuna aliyeniuliza tiketi.