Mgeni Aliyeazima Kipimo cha Moyo Wangu

Kama unataka kubisha, bisha sasa tumalizane, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, dukani kwangu Bwera, hapa Uganda mpakani na Kongo, mchana mweupe, nikiwa na akili zangu zote.

Nauza vitenge. Moyo wangu una tabia ya kwenda mbio ghafla, basi daktari wa Kasese akanibandika kifuani kidude kidogo, hakizidi kifuniko cha soda. Kinasikiliza mapigo, kinayapeleka kwenye simu yangu, na simu inayapeleka Kasese kwa muuguzi, Sista Biira. Moyo ukiharibika, ananipigia kabla hata mimi sijajua. Nilikuwa nalala kama mtoto, nikijua kuna mtu ananisikiliza.

Sasa wewe unatujua watu wa mpakani. Ukiwa na kitu kipya, ni cha mtaa mzima. Kila aliyeingia dukani alitaka apimwe kidogo, nami nakibandua, namvalisha, tunatazama mistari ikirukaruka kwenye simu, tunacheka. Sista aligomba mpaka akachoka.

Alasiri moja akaingia Mkongo mmoja, mpole, shati limefungwa hadi shingoni. Hakugusa kitenge hata kimoja.

"Papa, banasema hii kitu yako iko nasikia roho ya mutu," akasema. "Unipime na miye."

Nikambandika. Kifua chake kilikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji, lakini mvua ilikuwa imenyesha, nikapuuza. Nikatazama simu. Mstari umenyooka. Nikakipangusa kidude, nikabandika tena. Umenyooka vilevile, na mtu yuko mbele yangu anapepesa macho. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Simu ikalia. Alikuwa Sista Biira.

"Hajji, moyo yako imesimama. Nani iko karibu? Mpe simu, upesi."

"Ni mimi naongea, Sista. Kidude amevaa mgeni."

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hajji, toka nje."

Hapo moyo wangu ukaanza zile mbio zake, na niamini, niliogopa mara mbili: nilimwogopa yule mtu, na niliogopa kwamba mimi sasa sina anayenisikiliza. Nikabaki palepale mbele yake.

"Inasema nini?" mgeni akauliza.

Nikamgeuzia simu, akaona mwenyewe.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Gari yetu ilianguka njia ya Butembo. Kwetu balinilia, bakanizika. Miye nilikatala."

Akakibandua taratibu, akakiweka juu ya vitenge, akanishukuru, akatoka. Wallahi nilimhurumia. Nilimfuata hadi mlangoni, barabara nzima ilikuwa tupu.

Nikakivaa haraka. Mstari ukabaki umenyooka.

Mpaka leo. Wamenibadilishia kidude, wakabadilisha na simu. Kwa wagonjwa wengine vinafanya kazi, vikifika kwangu mstari unalala. Daktari akinisikiliza kwa masikio yake anasema moyo upo, unadunda vizuri tu.

Kwa hiyo ndugu yangu, kilichobandikwa kifuani mwako usimvalishe mtu, hata akiomba kwa upole namna gani. Mimi siku moyo wangu utakaposimama kweli, Kasese wataona mstari uleule wanaouona kila siku, na hakuna atakayepiga simu.