Kichwa Kisichosikia Dawa

Kwa miaka kumi na tisa mkalimani yule alikuwa ametafsiri mikutano ya kila namna, ya barabara, ya samaki, ya mipaka, na hakuna aliyewahi kumsikia akibabaika. Lakini asubuhi hiyo, ndani ya kibanda cha kioo nyuma ya ukumbi, hakutulia.

"Umekalia siafu leo?" mwenzake wa zamu alimuuliza.

Wajumbe wa nchi saba walikuwa wakijadili vifo vya kina mama na watoto wachanga. Mmoja alilia na uhaba wa damu, mwingine na umbali wa zahanati, wa tatu akajisifia nchi yake mpaka watu wakaguna. Kisha akasimama daktari mmoja mgeni, akasema hakuja na takwimu. Mkalimani akamfuata neno kwa neno:

"Mimba ikiwa kubwa, mama akaumwa kichwa kisichosikia dawa, akavimba uso, akaona vimulimuli, msimwambie alale. Mkimbizeni hospitali."

Akakatiza tafsiri. Binti yake, kitinda mimba, alikuwa na mimba ya miezi minane. Asubuhi ile alilalamikia kichwa, huku akifikicha macho kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Naye, mama mtu, akitafuta funguo mbiombio, alimjibu, "Lala kidogo, mwanangu. Uchovu tu huo."

Akazima kipaza sauti. "Shika wewe."

"Zamu yako bado dakika kumi!"

"Nimesema shika!"

Nyumbani alimkuta binti kitandani, uso umemjaa.

"Mama, umefukuzwa kazi?"

"Inuka twende."

"Kliniki yangu si Alhamisi?"

"Alhamisi utakwenda tena. Inuka."

Njia nzima ndani ya teksi alimuuliza, "Unaniona vizuri?" Binti akanung'unika kwamba anaona watu wawili, na wote wanamsumbua.

Muuguzi alipima presha, akarudia, kisha akatoka kumwita daktari. Alasiri hiyohiyo binti alipasuliwa. Mtoto alikuwa wa kike, kilo mbili kasoro, mwenye kilio cha hasira.

Presha ya mama yake iligoma kushuka kwa siku nyingi. Bibi mtu alipima urefu wa korido kwa miguu yake, akichungulia mlangoni kila mara, hadi wauguzi wakambandika jina la Bibi Doria.

Siku ya kumi na mbili waliruhusiwa. Nyumbani, mtoto alilala fofofo, na mama yake kando yake. Mkalimani alibaki amesimama kizingitini, mkoba begani, akihesabu pumzi zao.